Karatasi ya Mwenendo Muzuri

Siku ya kwanza, tarehe 6 mwezi ya kumi

Mvua tangu asubui. Nimezunguka nyumba zangu na buti mu tope. Nyumba kumi ni kumi kwa jina tu. Huku Mususa, mu Butembo, batu banajenga nyuma ya jiko ya benzao, sasa sijue hata ni ngapi. Hii kazi ya chef ya nyumba kumi hakuna mwenye aliitaka, njo maana balinipa mimi, mujane mwenye mudomo. Bananiitaka Mama Chef, na nusu yabo ni kwa kucheka.

Chef ya quartier, mukubwa ya mutaa yetu, anataka tuandike kila mugeni: jina, kule anatoka, carte d'électeur, ile kadi ya kura, sababu ya kuja. Ni juu ya kuogopa baasi. Sawa.

Mugeni moja leo. Paluku, mwalimu, anatoka Beni. Amepanga chumba nyuma ya kwa Mama Biira. Shati ya pasi, guitare, sauti ya chini. Anakimbia vita, alisema. Bote banakimbia vita. Nikamuandika. Alisema asante mama, asante mama, mpaka nikachoka. Mutu mwenye kushukuru hivi simupendake. Mais kutopenda haiko kitu ya kuandika kwa chef.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 11

Pasta yetu ameokota lulu. Mwalimu Paluku atafundisha chorale ya batoto kuimba juu ya Noeli. Bure. Pasta anasikia neno «bure» na macho yake inajaa machozi. Mujukuu yangu Mbambu alirudi mbio, anajua tayari wimbo mbili. Alisema mwalimu ni mupole, hapigake.

Magoti inauma.

Siku ya ine, tarehe 16

Naandika polepole, na sipendi ivi.

Kahindo alikuja kuniletea mawese. Ni rafiki yangu ya soko, alikimbia Beni na bidon zake, anauza hapa. Tulikuwa mu mulango tukiongea ovyo. Mwalimu Paluku akapita mu parcelle, mu kiwanja yangu, na guitare yake, akasalimia. Kahindo hakuitika. Aliweka bidon chini, kisha naye akakaa chini, mu tope, na kikwembe yake ya muzuri.

Nikafikiri ni malaria.

Akasema: «Ule njo aliharibu mutoto yangu.»

Yote ilitoka kidogo kidogo. Kule Beni ule mutu alikuwa na masomo ya mangaribi kwake nyumbani. Mutoto ya Kahindo alikuwa na miaka nane. Kahindo alikuwa analipa, tena anatuma na ndizi ya kumushukuru mwalimu. Alipojua, alienda polisi, alienda tribunal, ku mahakama, alisimama mbele ya bazuzi benye kukata kesi, na batu ya avenue bakimutazama sawa yeye njo alikosa. Balimuhukumu ule mutu. Balimufunga. Kahindo alifikiri gereza ni kitu ya murefu. Hakuna mutu alimwambia siku ametoka. Amemuona leo kwangu, mu parcelle yangu, nimemuandika mi mwenyewe.

Mutoto iko Musienene kwa nyanya yake. Jina yake sitaandika, hata huku.

Siku ya tano, tarehe 17

Kwa chef ya quartier. Nilimuuliza kitu moja: batu benye balifungwa juu ya kuharibu batoto, orodha yabo iko wapi? Nani anatujulisha wakihamia kwetu?

Alinitazama sawa nimeuliza barabara ya kwenda ku mwezi. Hakuna, alisema. Sheria inafunga mutu, sheria inamufungua, basi. Ile ya kuandika batu ya vile na kubafuata ni mambo ya Bazungu.

Ofisi yake iko na orodha ya moto za taxi, zile pikipiki. Iko na orodha ya mambwa yenye ilichomwa sindano, imebandikwa ku ukuta na picha ya mambwa. Mbwa, ndiyo. Mutu mwenye kuharibu mutoto, hapana.

Nilimuonyesha ile mambwa na kidole. Alisema, «Mama Chef, usianze.»

Siku ya kwanza, tarehe 20

Ku commune, ofisi yenye iko juu ya chef ya quartier. Benchi, kisha benchi ingine. Agent alikuwa anakula karanga, akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. Kisha akaniambia kwa furaha ya kweli kwamba nisisumbuke: ule mwalimu ana karatasi yake. Attestation de bonne conduite, vie et mœurs. Yaani, mwenendo muzuri. Ameichukua juma iliyopita.

Nikauliza, balichunguza kitu gani mbele ya kumupa?

Akaeleza, sawa anaeleza mutoto. Commune inatoa karatasi juu chef ya quartier ametia sahihi. Chef ya quartier ametia sahihi juu mutu anajulikana kwa nyumba kumi yake. Na nyumba kumi yake ni nani? Akageuza karatasi. Ni mimi. Nilimuandika jina na kule anatoka, na kila moja alipanda juu ya bega ya mwingine, mpaka jina ikageuka mwenendo muzuri.

Beni hakuna mutu alipiga simu. Beni ni hapa karibu. Mutu anakunywa chai Butembo, anakula mchana Beni.

Nilitoka nje nikacheka peke yangu. Mulinzi aliniangalia vibaya.

Siku ya tatu, tarehe 22

Pasta. Alinipokea na Biblia ku magoti, alishajua ninakuja. Ile karatasi ya commune anayo, ameilaza mu plastiki.

Alisema Mungu anasamehe. Alisema mutu aliyetubu ni kiumbe kipya. Nikamuuliza kama ule mutu amemwambia kitu anatubu. Akafunua Biblia. Donc anasamehe bila kujua ni nini, na hataki kujua, juu akijua atapashwa kutafuta mwalimu mwingine mbele ya Noeli.

Nilimwambia: «Pasta, Mungu asamehe. Mi hamuniombe kusamehe. Munaniomba nimupe mutoto.»

Alisema nilete karatasi ya tribunal, juu maneno ya soko haiko ushahidi. Ya commune aliipokea na mikono mbili. Machozi ya Kahindo ni maneno ya soko.

Mbambu haendi tena repetisyo ya wimbo. Nilimwambia ana homa. Alilia. Hana homa.

Siku ya tano, tarehe 24

Beni, na Kahindo, kutafuta ile karatasi ya tribunal. Barriere zote, basoda bakiangalia carte zetu moja moja, wamama wawili na kikapu. Tunachungwa sana mu hii inchi, mashallah.

Ku tribunal, greffier, karani yabo, ni kijana ya heshima, hakufanya mubaya, tena njo alinikasirisha zaidi, juu mutu ya heshima akikueleza upumbavu, hauna wa kutukana. Casier judiciaire iko, alisema. Ni orodha ya kila mutu aliyehukumiwa. Nilisimama kwa furaha. Mais inatolewa kwa mwenyewe akiiomba, ao kwa bazuzi. Donc ule mutu mwenyewe njo anapashwa kwenda kuomba karatasi yenye kutuonya juu yake. Nilikaa tena.

Copie ya hukumu, hiyo Kahindo anaweza kuomba, juu kesi ilikuwa yake. Akaomba. Balimwambia arudi juma ijayo. Kahindo akakaa mu mulango ya ofisi ya greffier na kikapu yake mu mapaja, kila mutu akamuruka kuingia na kutoka. Mbele ya kufunga ofisi, karatasi ilitoka.

Tuliisoma mu kivuli ya ukuta. Iko yote. Jina ya Paluku, mambo alifanya, miaka walimupa. Na jina ya mutoto. Jina zote tatu, jina ya shule, jina ya avenue. Kila ukurasa.

Kahindo aliisoma mara moja. Akaikunja kidogo, akaitia ndani ya nguo yake. Alisema pasta hataisoma. Chef hataisoma. Hakuna mwanaume ataketi na ile karatasi akilamba kidole.

Sikubishana. Tukapanda taxi ya kurudi Butembo.

Siku ya kwanza, tarehe 27

Nilienda kwake mwenyewe, mchana, nikabaki mu kiwanja, mulango wazi. Nilimwambia ninajua. Nilimwambia Beni, masomo ya mangaribi, tribunal.

Hakukana. Nilikuwa nimejitayarisha juu ya kukana. Aliweka guitare ku kitanda na akauliza: «Nilifungwa, nikamaliza. Munataka nikae fasi gani?»

Nikasema fasi yenye haina batoto.

Akasema, «Nionyeshe hiyo fasi, mama.»

Namuchukia juu ya ile swali kuliko juu ya shati yake ya pasi. Nilimwambia aache chorale yeye mwenyewe, kesho, aseme koo inamuuma, na mi nitafunga mudomo mpaka atafute kazi ya mbali na batoto. Alisema pasta atashangaa. Alisema batoto bamemuzoea.

Bamemuzoea. Nilitema mate mu kiwanja ya Mama Biira, mi mutu muzima.

Siku ya pili, tarehe 28

Niliita bamama kwangu, mulango imefungwa. Nikabaambia: ule mutu alihukumiwa Beni juu ya mutoto. Musitume batoto kwake. Musimuguse, musimutukane, tuende wote kwa pasta siku ya Mungu tumutoe mu chorale. Basi.

Kitu ya kwanza balitaka kujua: mutoto ya nani? Nikasema hapana. Bakauliza tena, kwa njia ingine. Anatoka familia gani, anakaa wapi, sasa ataolewa na nani. Mama moja aliuliza kama ule mutoto alikuwa anavaa vizuri. Nilimufungulia mulango atoke.

Mbele ya jua kuzama avenue yote ilikuwa inajua. Siri kwa bamama kumi, na mi nilitegemea nini?

Siku ya tatu, tarehe 29

Asubui, bijana. Pneu moja ya gari, bidon ya essence ya kumuchoma mutu, kelele. Nabajua bote. Moja anapiga bibi yake kila posho mpaka ukuta inasikia. Mwingine anafuata batoto ya shule ku kisima na maneno ya aibu, leo njo mutetezi ya batoto. Chef ya quartier alizima simu. Pasta alituma ujumbe kwamba iko anaomba.

Paluku alijifungia ndani. Nilisimama mbele ya mulango yake na fimbo yangu ya kutembea. Haikuwa juu yake. Ningefurahi asizaliwe. Mais bakimuchoma, kesho kila mutu atanawa mikono aseme mambo imeisha, na mwingine wa namna yake atakuja na karatasi yake na mi nitamuandika. Tena nilikuwa naogopa. Walinisukuma. Moja alisema, «Mama Chef, toka, ao unapenda baharibifu?» Kijana mwenye nilimufuta kamasi mi mwenyewe akiwa mudogo.

Kahindo alitoka soko. Mutu alimwambia. Alipita katikati yabo na mikono imejaa mawese, akasimama kando yangu. Hakulalamika, alisema sawa anataja bei:

«Mi njo mama ya ule mutoto. Amebeba ya kutosha. Hatabeba na mutu mwenye kuchomwa.»

Pneu ilibaki chini. Kijana ya bidon hakujua afanye nini na bidon yake, akaifunga kifuniko.

Polisi bakafika, sawa kawaida, kisha ya mambo. Balimutoa Paluku na koti ku kichwa, bakamutia mu jeep. Hakutuangalia. Kahindo naye hakumuangalia. Aliangalia mikono yake.

Sasa soko yote inajua ni nani. Alijua itakuwa vile mbele ya kufungua mudomo.

Siku ya tano, tarehe 31

Chef amefungua simu. Aliita mukutano, akajisifu juu ya utulivu ya quartier yake. Nikauliza ule mutu iko wapi. Balimufikisha ku barabara ya Lubero, bakamuacha, juu hakuna kosa mupya ya kumufungia. Nikauliza kama mutu amepigia chef ya kule simu. Alisema kule haiko entité yake, haiko eneo yake.

Nilirudisha kazi yao. Nilisema batafute mwingine. Alikubali haraka sana.

Pasta atahubiri juu ya chuki. Simsikilize. Mi na Mbambu tutasali nyumbani mpaka nione.

Siku ya posho, tarehe 8 mwezi ya kumi na moja

Musienene na Kahindo. Baridi, ukungu mpaka saa ine. Mama yake Kahindo alikuwa anachambua maharagi mbele ya nyumba, tukakaa tukamusaidia. Aliuliza ule mutu ameenda wapi. Kahindo akanitazama. Nikasema sijue. Ule mama muzee akaitikia na kichwa, akavuta sahani karibu, akaendelea.

Mutoto ya Kahindo alitoka jikoni na viazi ya moto mu kitunga. Murefu kuliko nilifikiri. Alinisalimia na mikono mbili, macho chini, akauliza kama naweka chumvi.

Nikasema kidogo.

Alienda kuileta.