Kadi Aliyoichoma Baba

Jumatano, 2 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la Mama limeanza kusikia dawa. Mimi sijambo, ila mikono imejaa grisi kama kawaida. Nakuandikia barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu mara ya mwisho nilikwambia nina homa, ukanipa hongera.

Kuna jambo limetokea. Lisome ukiwa umekaa. Unakumbuka kile kifaa kidogo nilichowaonyesha nilipokuja likizo, ile pochi ya kutunzia bitkoini zangu, Mama akasema kinafanana na kiberiti cha gesi? Huwa naenda nacho kazini, maana chumba chetu kilishavunjwa mara mbili. Jana nilikuwa juu ya lifti, ghorofa ya tisa, nikainama kukaza nati, kikachomoka mfukoni. Nilikisikia kikigonga kuta mpaka chini shimoni. Halafu lifti ikashuka, ikakikalia.

Usishtuke. Pesa hazikuwa ndani yake. Mle mna ufunguo tu, na ufunguo unazaliwa upya kwa yale maneno ishirini na manne ya Kiingereza tuliyoyaandika kwenye kadi, ile niliyokuachia wewe. Nakala nyingine sina, kwa makusudi.

Mwenye nyumba amewapa hadi mwisho wa Mei muinunue au muhame, na pesa zote za kuinunua hiyo nyumba, pamoja na ua na tanuri la mikate la Mama, ziko huko. Kwa hiyo kadi hiyo ndiyo nyumba yenu. Maneno yenyewe hayatakiwi kupita kwenye barua, simu wala picha, ndiyo maana nimeagiza kifaa kipya kije kwako. Niambie tu kwamba kadi ipo.

Mwanao

Alhamisi, 3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama yako linamruhusu kusimama lakini halimruhusu kunyamaza. Masikio yangu yalistaafu siku moja na mimi, hayo uyazoee.

Kadi haipo. Niliichoma.

Usianze kupiga kelele, soma kwanza. Ulipoondoka niliitazama ile kadi nikajiuliza, mwizi akiingia humu, Kiingereza si atakijua? Siku hizi hata paka wa jirani anajua Kiingereza. Basi nikaketi, mimi niliyekuwa mkalimani wa mahakama tangu hujazaliwa, niliyewatafsiria wezi wa ng'ombe mbele ya majaji na majaji mbele ya wezi wa ng'ombe, nikayageuza maneno yote ishirini na manne kuwa Kiswahili safi. Nikayaandika nyuma ya picha yetu ya harusi, kadi nikaitia kwenye tanuri. Mikate ya siku hiyo ilitoka na harufu ya plastiki, mama yako akaninunia hadi jioni.

Sasa niambie, mwizi gani atakayeyapata?

Baba yako

Alhamisi, 3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ni vizuri kwamba nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, maana fundi mwenzangu amelazimika kuniletea maji.

Baba, kifaa hakijui Kiswahili. Kinataka maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Likikosewa moja, hakifunguki. Na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba neno moja la Kiswahili linaweza kubeba maana tatu na bado likawa na nafasi ya abiria.

Nakuamini utayarudisha. Ila shika haya. Maneno yanaingizwa kwenye kifaa chenyewe, kwa vitufe vyake, siyo kwenye simu. Ile programu ya simu ni ya kutazamia na kutuma tu, haina haki ya kuyajua maneno. Ndani ya boksi kuna karatasi inayosema programu halisi inapatikana wapi. Subiri boksi, usipakue kitu kabla. Nakuomba kwa magoti yote mawili, langu na la Mama.

Mwanao

Jumatatu, 14 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Boksi lako liko forodhani. Kila nikienda naambiwa mwenye muhuri ametoka kidogo.

Lakini usihofu, sikukaa bure. Nilikuwa nasoma habari kwenye simu, likatokea tangazo lenye picha ya kifaa kama kile chako. Nikabonyeza, programu ikaingia yenyewe. Programu yenye adabu kweli! Ikanikaribisha, ikaniomba yale maneno ishirini na manne, nikayaandika yote kutoka nyuma ya picha. Nilijua ulinikataza, ila nikasema, ya Kiswahili yana ubaya gani?

Tangu siku hiyo ananiandikia ujumbe wa simu bwana mmoja anajiita Huduma kwa Wateja. Kiswahili chake kibovu, maskini, lakini ana bidii. Ameniandikia: "Mpendwa Mteja, paa yako ni batili. Tafadhali paa tena." Nilicheka hadi miwani ikaanguka. Anataka nimweleze maana ya kila neno. Mwanangu, ni miaka mingapi tangu kijana aniulize maana ya neno? Wewe mwenyewe huulizi. Nimeshamweleza matatu, pamoja na asili yake na wingi wake. Kesho tunaendelea.

Baba yako

Jumatatu, 14 Aprili

BABA.

Shikamoo. ACHA. Huyo ni mwizi. Hiyo programu ni ya wezi. Usimjibu, usimpe hata herufi. Nijibu ukiisoma hii.

Mwanao

Jumatano, 16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo siku ya pili hujanijibu. Simu yako imezimwa, ya Mama inaita tu. Msimamizi amenishusha kutoka kwenye lifti, anasema mtu anayelia hashiki spana juu ya shimo. Kama umeshampa yote, niambie tu. Nyumba tutatafuta nyingine. Niambie tu mko salama.

Mwanao

Alhamisi, 17 Aprili

Mwanangu,

Tuko salama. Nisamehe. Simu niliizima mwenyewe kwa hasira, na ya mama yako ilikuwa imefunikwa na gunia la unga.

Ilikuwa hivi. Nilipokutumia barua tu, yule bwana alinirudia, tukafika neno la nne, nikamwambia neno moja halitafsiriki likiwa peke yake, anipe sentensi nzima. Hakuwa nayo. Nikamwambia basi asubiri nimweleze kwanza habari za ngeli. Nilikuwa nimefika ngeli ya tatu, naye akaniandikia: "Mzee mjinga acha hadithi, andika Kiingereza sasa hivi." Mwanangu! Mahakamani nimekaa ubavuni mwa majambazi waliofungwa pingu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitukana. Wote waliniita Mheshimiwa, kwa makosa. Nikamwandikia kwamba bila kuombwa radhi, somo limefungwa. Nikazima.

Leo nimewasha kusubiri radhi, nikakuta barua zako. Nilizisoma mara mbili, kisha nikaenda kukaa karibu na tanuri. Mama yako aliponiuliza nina nini, nilimwambia moshi umeniingia machoni. Tanuri lilikuwa limezimwa.

Boksi limefika. Lipo mezani, naogopa kulifungua.

Baba yako

Alhamisi, 17 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia, sasa nimecheka, nimerudi kazini. Hukunikosea peke yako. Mimi ndiye niliyekuachia mzigo huo nikapanda ndege.

Lakini hatuna muda. Yeye ana maneno yako yote ya Kiswahili, na kamusi anaweza kuinunua. Wewe una kifaa, na wewe ndiye uliyeyatafsiri. Mwenye kumaliza kwanza ndiye mwenye nyumba. Ifute ile programu kwenye simu. Fungua boksi, fuata karatasi. Kifunguke tu, zitume zote kwenye anwani nitakayokutumia, ni ya kifaa changu kipya, kina ufunguo wake mwingine kabisa. Kabla ya kukubali, ilinganishe anwani herufi kwa herufi na hiyo nitakayokutumia, ukiisoma kwenye kioo cha kifaa, usiiamini simu. Zikishanifikia, hayo maneno ishirini na manne hayana kazi tena, yatangaze hata kwa kipaza sauti.

Mwanao

Jumamosi, 19 Aprili

Mwanangu,

Zimekufikia, najua, lakini acha niisimulie nilivyoiona mimi.

Kifaa kina vitufe viwili tu. Unatafuta herufi moja moja, na baada ya herufi chache chenyewe kinakuletea maneno uchague. Mengi yalikuja bila shida. Kwenye "ua" nilisita, ni la kunusa au la kuzunguka nyumba? Kisha nikajijibu, la kuzunguka nyumba ningeandika uzio. Mimi si mtu wa kubahatisha. "Paa" nilijua ni la nyumba, maana siku ile nilipokuwa natafsiri lilikuwa likitudondoshea maji shingoni.

Nikamaliza yote. Kifaa kikasema batili.

Mashaka yangu yalikuwa kwenye "panda". Nilikuwa nimeweka la kukwea. Lakini la kukwea si ningeandika kwea? Nikaanza upya, nikaweka la njia inapogawanyika. Batili. Nikatafuta la kupanda mbegu, kifaa hakinalo kabisa. Mama yako alikuwa anakanda unga nyuma yangu. Mwishowe akaniuliza:

"Mzee wangu, yule dubu mweupe mwenye macho meusi, Wazungu wanamwitaje?"

"Panda," nikasema.

"Na sisi?"

Nikaandika P, nikaandika A, neno likaja lenyewe. Kifaa kikafunguka.

Yaani neno moja tu ambalo halikuhitaji mkalimani ndilo lililonitoa jasho! Na yule mwizi, kwa kutojua Kiswahili kwake, hilo angelipatia mara ya kwanza.

Anwani tuliisoma pamoja na mama yako, yeye kwenye barua yako, mimi kwenye kioo, tukibishana kama ile ni sifuri au ni O. Nikakubali. Zikaenda.

Leo asubuhi bwana Huduma ameniandikia tena: "Mpendwa Mteja, kwa nini mkoba ni tupu?" Nimemsahihisha. Ni mtupu, siyo tupu.

Baba yako

Ijumaa, 30 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima huko uliko. Sisi wazima sana. Pesa ulizozibadilisha ukazituma zilifika benki, na leo tumetia saini.

Tulikuwa ofisini kwa wakili, mwenye nyumba upande mmoja, sisi upande mwingine, feni inazunguka bila kuleta upepo. Hati ilikuwa ya Kiingereza. Wakili, kijana mstaarabu, akatuuliza kama tungependa atafutwe mkalimani. Mama yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema hapana, asante, tunaye.

Nikasimama, kwa mazoea tu, nikamtafsiria mama yako hati yote, kifungu kwa kifungu, na mahali penye mkato nikapumzika. Mipaka ya kiwanja, choo cha nje, tanuri, vyote. Miaka yote ile mahakamani nilisoma hukumu za kifungo cha maisha, na sauti yangu haikuwahi kuyumba hata mara moja. Watu walidhani sina moyo.

Nikafika pale panaposema: mnunuzi wa nyumba hii ni. Halafu jina lako, majina yote matatu.

Sauti ikanikatika.

Wakili akadhani nimekwama kwenye neno, akaanza kunisaidia. Mama yako akamwinulia mkono anyamaze. Akanisubiri, kwa upole sijui aliutoa wapi, kisha akasema, "Hapo sikusikia vizuri. Rudia."

Alikuwa amesikia. Masikio mabovu ni yangu, siyo yake.

Nikarudia.

Baba yako