Kituo cha Mwisho cha Ochieng

Jumatatu, 3 Machi

Maandazi yameisha mapema, kama kawaida. Buzuruga nzima hakuna anayeyaumua kama mimi, na wanaobisha ndio hao hao wanaorudi kesho yake. Nimeosha karai, nimevaa viatu vya kanisani, nimeteremka mjini. Waya za simu masikioni.

Hii ziara kaitengeneza Ochieng wangu. Mgeni hahitaji mtu wa kumwongoza. Anafungua simu, anaanzia mnara wa saa, na sauti ya mwanangu inampeleka mtaa kwa mtaa. Mji mkongwe wote, vituo vinane. Hakuna mtoto mwingine Mwanza aliyefanya jambo hilo, wala wa matajiri.

Naongeza kituo kimoja kimoja, na leo nimefika cha tano. Sina haraka. Vikiisha, hana neno jipya la kuniambia.

Tangu mwezi wa kumi na moja yuko ziwani. Alikwenda Ukerewe kurekodi ziara nyingine, upepo ukapindua mtumbwi. Wenzake walipatikana. Yeye hapana.

Kila siku naanzia mnara wa saa. Kuanzia katikati siwezi. Nataka aniongoze tangu mwanzo.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji Owino, mdogo wa marehemu mume wangu, kapiga simu kutoka Rorya. Wazee wamekubaliana: Jumamosi ya wiki ijayo tuzike yago. Lile tunda la porini, refu kama mkono wa mtu. Kwetu Wajaluo mtu akipotelea majini na mwili usionekane, yago linalazwa kaburini badala yake. Owino anasema asiyezikwa hutangatanga, hana pa kulala.

Nimemwambia mwanangu si tunda. Nimekata simu. Sijuti.

Alhamisi, 6 Machi

Kituo cha sita, Makoroboi, karibu na hekalu la Wahindi. Ochieng sikioni: "Mpishe huyo wa mkokoteni." Nikasogea. Mkokoteni wa vitunguu ukapita hapo hapo, ukanigusa gauni.

Nimeegemea ukuta. Mzee Kanji wa duka la vitambaa kanitolea stuli. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mama yake yule kijana wa simu? Sura ile ile. Alikaa ngazi hii kutwa nzima anajirekodi. Pikipiki ikipita, anaanza upya. Na kashata zangu anamaliza."

"Lakini si alikuwa anaongea vizuri?"

"Mama, mimi nimezaliwa mtaa huu, na bado kanifundisha."

Kichwa kimenivimba. Nilitaka arudie watu wa duka la pili wasikie. Lakini mzee kashusha sauti. Anasema siku hizi jioni akifunga duka anamsikia. Pale pale ngazini. Anaanza, anaacha, anaanza upya.

Nimemrudishia stuli yake. Nimerudi nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Kituo cha saba ni juu kilimani, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani. "Simama kidogo upumue," kasema. "Mama yangu angekuwa hapa angelalamika magoti."

Nikamjibu kwa sauti: magoti yangu mazima, we mtoto. Wasichana wa shule wakacheka mpaka wakashikana.

Halafu nikasikia. Anahema. Maneno yanatoka kwa shida, kama ya mtu aliyetoka mbali kwa miguu. Nimerudia kusikiliza. Anahema kweli.

Owino alisema anatangatanga. Na ni nani anayemtembeza? Kila siku namrudisha mnara wa saa. Kila siku namzungusha mitaa ile ile, na leo nimempandisha kilima. Mtoto hajakaa chini tangu afe.

Nimeandika "afe". Basi, limeandikwa.

Naogopa. Simwogopi yeye. Naogopa uchovu wake.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada sikuanzia mnara wa saa. Nimekwenda moja kwa moja ufukweni, mbele ya Jiwe la Bismarck. Nimefungua kituo cha nane.

"Hapa ndipo mwisho. Kaa. Mimi nanyamaza sasa, usikie ziwa lenyewe."

Akanyamaza. Mawimbi sikioni, mawimbi miguuni, nikashindwa kujua yapi ni ya kwake. Nikangoja aongeze neno. Mwanangu hajui kunyamaza, hilo kalirithi kwangu. Hakuongeza.

Nimelia mbele za watu, na sijali.

Nimempigia Owino nikiwa pale pale. Nimemwambia atafute yago zuri, lililonyooka, lisilo na mdudu. Asiniletee lolote tu. Kasema, "Sawa, shemeji."

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi jana kutoka Rorya. Shati lake la bluu nililipiga pasi mwenyewe, nikalivalisha yago kwa mikono yangu, vifungo vyote. Wanawake walisema hawajapata kuona yago limependeza vile. Najua. Amelala kando ya baba yake.

Leo maandazi yameisha mapema. Karai nimeosha. Viatu vya kanisani viko chini ya kitanda.

Simu iko mezani, chaji imejaa.

Leo sijamtembeza.