Unga wa Kioo

Kizota, Dodoma
19 Februari 2023

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yamepungua kuuma. Sisi huku hatujambo. Emiliana ametimiza miaka miwili na mdomo wake haupumziki. Kila kitu anakiita "bibi", hata kuku wa jirani. Najua simu haikusaidii tena tangu masikio yalipogoma, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Konda wa basi la Mvumi atakuachia barua dukani kwa Daudi.

Mama, nimeacha kufagia ofisi. Usikasirike kabla hujafika mwisho. Nimepata kazi kwa Mzee Masudi, Mrangi wa Kondoa, ana karakana hapa Kizota. Zamani alikuwa akitengeneza bangili za shaba. Sasa tunatengeneza mabakuli ya shaba nyekundu na kuyapaka kioo. Unakumbuka zile sahani za maua ulizopewa kwenye harusi yako? Ni kama zile, lakini sisi tunafanya kwa mkono.

Tunakata shaba duara kwa mkasi wa bati, tunaigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ijikunje iwe bakuli. Halafu ni kusugua kwa limau na chumvi mpaka maji yakimwagiwa yatandae yote, yasijikusanye matone. Yakijikusanya, kuna mafuta, rudia. Ndipo unapaka gundi nyepesi na kuchekecha unga wa kioo kwa chujio la chai. Likikauka, tanurini dakika tatu. Mzee ananisimamisha mbele ya mlango wa tanuri niangalie: unga kwanza unakuwa kama sukari, halafu kama ganda la chungwa, halafu unalala laini. Hapo ndipo unalitoa. Linatoka jeusi, mama, ukidhani umeharibu. Linapopoa rangi inakuja yenyewe.

Bakuli langu la kwanza lilipasuka na kurusha vipande mpaka kwenye sketi yangu. Mzee akacheka. "Umesahau kupaka mgongoni," akasema. "Usipopaka pande zote mbili, kioo na shaba vinagombana."

Unga tulio nao Mzee aliachiwa na sista mmoja Mzungu aliyekuwa akifundisha ufundi zamani. Ni makopo arobaini, karatasi za majina zimeliwa na mchwa. Mabonge tunayatwanga wenyewe. Nimetoa kile kinu changu kidogo.

Emi nakwenda naye. Anakaa chini ya meza, anapanga vifuniko vya makopo. Tangu baba yake aondoke hii ndiyo mara ya kwanza naamka na hamu ya siku.

Mwanao,
Anyesi


Mvumi
5 Machi 2023

Mwanangu Anyesi, mbukwa.

Sijambo, ila mvua imetukataa. Uwele niliopanda mara ya pili umesimama kiganja kimoja na umeanza kunyauka. Magoti ni yale yale.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Nimepika shuleni miaka ishirini na sita, kwa hiyo kazi ya moto naijua, siiogopi. Kilichonishangaza ni wewe kutwanga kioo kwenye kinu cha karanga. Umenunua kingine cha chakula? Na mtoto wa miaka miwili kukaa karibu na tanuri ni jambo gani? Mtafutie mtu wa kushinda naye.

Nimefurahi kwamba unaamka na hamu. Hilo sikatai.

Mama yako


Kizota
30 Aprili 2023

Mama mpendwa, shikamoo tena.

Poleni na ukame. Huku tu wazima, ila mimi kichwa kinauma siku nyingi na Emi si yule.

Kwanza habari njema. Tulipeleka mabakuli kumi na tisa Chimwaga, kwenye maonyesho ya pale chuoni, yakaisha yote. Mama mmoja alishika la njano akasema, "Hili limetoka nchi gani?" Nikasema limetoka Kizota. Mzee Masudi alinitazama kama baba. La ishirini nimelifanya peke yangu tangu kukata mpaka kupoa, nalo ni lako. Konda ataleta pamoja na barua hii. Ni la njano. Najua unapenda njano.

Sasa Emi. Hataki kula. Analia anashika tumbo, choo hakipati siku tatu, nne. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, haikusaidia. Amekuwa mkali, ananipiga. Na maneno yamepungua. Zamani aliniambia "mama moto, mama acha", sasa ananyoosha kidole tu. Jirani anasema ni hasira za umri.

Nadhani ni joto la karakana na vumbi. Mama, naomba akae kwako mpaka apate nguvu. Mwalimu Penina anakuja huko tarehe sita, atamleta. Mpe ule uji wako wa uwele na ukwaju. Nilikua kwa uji huo.

Mwanao


Mvumi
21 Mei 2023

Mwanangu, mbukwa.

Mtoto amefika. Mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Nilipompokea midomo yake haikusema bibi.

Bakuli nimelipokea. Sikujua mikono yako inaweza hivyo. Nimewaonyesha wanawake wa kwaya, Matonya wa jirani akaonyesha kwa mkono liwekwe kabatini. Nikamwambia chombo ni cha kulia. Emi analo lake sasa, asubuhi na jioni. Uji nauweka humo uchachuke kidogo na ukwaju, ndivyo unavyompata mtoto mgonjwa. Anamaliza.

Usiwe na wasiwasi. Fanya kazi.

Mama yako


Kizota
2 Julai 2023

Mama, shikamoo.

Hii ni barua ya pili bila jibu. Konda anasema aliiacha ile ya kwanza dukani kwa mkono wake. Nikimpigia Daudi anasema mko salama, halafu anakata upesi. Emi anaendeleaje? Ameanza kusema? Ananiulizia?

Huku tumepata maombi ya mabakuli mengine thelathini. Nimejifunza kutia rangi mbili bila kuchanganyika. Lakini sina raha. Naomba uniandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


Mvumi
23 Julai 2023

Anyesi,

Salamu nitakutumia siku nyingine.

Mwanao yuko wodini. Jumatano ya tarehe ishirini na moja Juni alipata degedege. Alikuwa amekaa mkekani, macho yakageuka, mwili ukawa kama ubao. Nikambeba mgongoni mpaka hospitali na magoti haya. Lilikuja jingine jioni, na jingine kesho yake. Walidhani malaria ya kichwani. Hakuna malaria. Wakadhani homa ya uti wa mgongo. Wakachota maji mgongoni, haikuwa hiyo.

Akaja daktari mmoja kijana. Akaniandikia kwenye karatasi, maana simsikii: "Mama wa mtoto anafanya kazi gani?" Nikaandika: anapaka kioo kwenye shaba. Akasimama. Akaandika: "Mtoto anakula kwenye chombo gani?" Nikaenda nyumbani nikaleta bakuli. Akapitisha kidole ndani yake. Ule mng'ao umekwisha, ndani pamekuwa kama chaki. Akatuma damu na bakuli Dar es Salaam.

Majibu yamekuja. Akaandika: ni risasi. Nikamuuliza, nani amempiga mtoto risasi? Akaandika tena: ni madini, yanatiwa kwenye kioo cha aina hiyo kiyeyuke upesi. Vumbi lake linaingia kwa pumzi, kwa vidole, kwa nguo. Na kitu kichachu kikikaa kwenye chombo kama hicho kinaivuta nje. Mtoto aliibeba kutoka kwako, halafu akaongezewa kwangu.

Yuko hai. Dawa inaagizwa. Daktari hasemi atakuwaje.

Daudi nilimkataza mimi asikwambie. Sasa najua makosa yako na ya kwangu. Lakini kinu, Anyesi. Nilikuuliza kuhusu kinu, hukunijibu.

Mama yako


Kizota
13 Agosti 2023

Mama, shikamoo.

Nimerudi salama. Nakuandikia yale niliyoshindwa kukuambia siku nne zile tulizokaa kitanda kimoja, wewe ukitazama ukuta.

Nilipoingia wodini Emi alinitazama kama anavyotazama dirisha. Nimezaa mara moja tu, na mtoto wangu hanijui.

Damu yangu pia walipima, nayo ina risasi. Daktari amesema Emi asikanyage chumba changu. Kila kitu kioshwe kwa maji, kufagia ni kurusha sumu tena. Abaki Mvumi karibu na kliniki. Kinu nimekitupa pamoja na makopo ya unga. Mama, kingine cha chakula sikuwa nimenunua. Nilikuwa nakisuuza.

Mzee Masudi nilimkuta anachekecha. Nikamwambia, "Mzee, weka chini. Unga ndio uliomharibu mtoto."

Akasema, "Nimeushika miaka minane. Mbona mimi mzima?"

"Nyoosha mikono."

Akanyoosha. Ilikuwa inatetemeka, vifundo vimelegea kama kamba. "Nilidhani ni uzee," akasema. Halafu akaketi juu ya ndoo, akaanza kuwataja wajukuu zake waliokuwa wakicheza pale, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Swaumu.

Tumefunga makopo yote kwenye pipa. Mtu wa mazingira amekuja kulichukua, akiwa amevaa barakoa na glovu. Sisi hatukuwahi kuvaa hata kitambaa. Mzee anasema kuna unga mwingine usio na risasi, ningeanza nao tangu mwanzo nisingedhurika. Ufundi ni ule ule. Anasema kweli, na sitaki kuisikia.

Sasa nazunguka kutafuta yale kumi na tisa. Nimepata kumi na nne. Mama mmoja alinifungia mlango, akidhani nataka kumwibia lake. Mwingine alilitumia kumchanganyia mtoto ndimu na asali. Niliposema sababu alikaa chini pale pale barazani. Matano yaliyobaki sijui yako wapi. Ninachojua tu ni kwamba mnunuzi mmoja amehamia Mwanza.

Nisamehe, mama. Nakuja kila nitakapopata nauli.

Mwanao


Kizota
24 Septemba 2023

Mama, shikamoo.

Daktari amenipigia. Anasema Emi ametolewa wodini, damu inasafika, degedege halijarudi. Mbona nimesikia kwake, si kwako? Nilipokuja wiki iliyopita ulikuwa shambani mpaka giza, na shamba halina kitu. Ukinichukia sema, mama. Nitabeba. Kunyamaza ndiko nisikoweza.

Mabakuli yamebaki matatu.

Mwanao


Mvumi
8 Oktoba 2023

Mwanangu Anyesi, mbukwa.

Mimi mzima wa mwili. Mtoto anatembea, ameanguka mara moja tu wiki hii. Hasemi.

Sikuchukii. Nilikuwa nakukimbia. Nitakuambia kwa nini, halafu uamue.

Nilikuandikia kwamba uji anamaliza. Ni kweli alikuwa anamaliza. Lakini sikukuandikia jinsi. Siku ya tatu tu alianza kuukataa. Nikileta lile bakuli anafunga meno, anageuza uso, anasukuma kwa mikono miwili. Nilisema huyu amedekezwa mjini. Nikamlaza mapajani, nikambana miguu, nikamziba pua. Mtoto akizibwa pua lazima afungue mdomo. Nikamimina. Asubuhi na jioni, Anyesi, wiki sita. Alikuwa akinitazama. Mimi sisikii, kwa hiyo kilio chake sikukisikia, nilikiona tu. Matonya alikuja mara mbili akanishika bega, nikamfukuza.

Daktari aliponiuliza, sikumwandikia hilo. Kwenye barua nikakutupia lawama ya kinu. Ndiyo sababu nilimkataza Daudi. Niliogopa ungekuja na kuniuliza, "Mama, alikuwa anakula vizuri?"

Daktari nimemwandikia jana. Amesoma, akaikunja ile karatasi, akaiweka mfukoni.

Sasa mtoto hali kutoka mkononi mwangu. Kikombe, kijiko, hata muwa nikiushika mimi, anafunga mdomo na kuziba pua kwa vidole vyake mwenyewe. Anakula nikitoka nje, Matonya akimlisha. Mimi nakaa nyuma ya nyumba mpaka Matonya aje aniite kwa mkono.

Chumba cha pili nimekimwagia maji na kukisugua, sakafu na kuta. Njoo ukae. Matonya ni jirani, hawezi kumlisha siku zote, na mimi siwezi.

Mama yako