Pakacha la Karafuu Darasani

Jumatano, Mtambile. Mvua tangu alfajiri, uwanja wote matope, na mimi nina furaha hata naona haya kuiandika.

Wiki ya saba leo tangu niolewe na Hamadi wangu. Bado nikisikia baskeli yake nje, moyo unarukaruka kama mtoto siku ya Idi.

Lakini Ijumaa alirudi kutoka darasa la watu wazima, anakorudia kidato cha nne, akatupa madaftari juu ya kabati.

"Basi, Mwanaisha. Sirudi tena."

Mwalimu wake, Bi Saumu, alimwambia mbele ya wenzake kwamba kama hawezi kukaa kitini, akae kwao.

Hamadi ana ADHD. Daktari alitueleza kabla ya harusi. Mwili wake hautulii, na akilazimishwa kutulia, masikio ndiyo yanayoondoka.

Niseme kweli: wiki ya kwanza nililia. Mimi nazungumza, yeye mara yuko dirishani, mara anafungua redio. Nikajiuliza, huyu ananipenda?

Kisha tukaenda kwa mama mkwe kuchambua karafuu. Tulikaa mkekani, mikono yake ikitenganisha karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, nami napiga soga. Siku ya pili akanisimulia yote niliyosema, mpaka rangi ya kanga aliyoipenda marehemu bibi yangu.

Mikono ikiwa na kazi, Hamadi anasikia.

Jana nikavaa baibui nikaenda kwa Bi Saumu. Nikamweleza habari ya mikono na karafuu.

"Mwanangu, mie nikidhani ananidharau. Mwambie aje kesho, na hizo karafuu zake."

Leo nimemsindikiza na pakacha, nikakaa barazani kando ya dirisha la darasa, nachungulia. Amepewa kiti cha nyuma, karibu na mlango, na ruhusa ya kusimama akitaka. Wenzake hawakumwacha bila utani; mmoja akaanza:

"Bwana harusi, umekuja skuli au kambi ya karafuu?"

"Afadhali mie nachambua. Wewe huja kulala!"

Darasa zima likacheka, Bi Saumu naye.

Somo lilikuwa safari ya chakula tumboni. Bi Saumu alipouliza swali, mkono wa kwanza juu ulikuwa wa Hamadi, bado umeshika kikonyo. Akaieleza safari yote, kuanzia mdomoni, bila kuruka hatua. Mimi huko nje nimejiziba mdomo kwa mtandio nisipige kigelegele.

Na yule aliyemtania? Alivuta kiti, akatia mkono pakachani, akaanza kuchambua.

Madaftari yameshuka kutoka juu ya kabati. Kurasa zote zinanukia karafuu.

Nami nimejiahidi: sitamwambia tena "nitazame ninaposema nawe." Nikiwa na neno la moyoni, nitamwekea kwanza kitu mikononi, kisha nitasema.

Pakacha la kesho liko tayari mlangoni.