Mtoto wa Kwenye Kioo

Utende, Mafia
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako shoga yangu Fauzia binti Suhail,

Asalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na mumeo Matano na huyo mgeni aliye njiani. Je, miguu bado inavimba jioni? Usingizi unaupata? Mimi sijambo, Alhamdulillahi, ila mgongo tu kwa kukaa kitako. Mama anakusalimu sana na anasema uache kula udongo, ule ndizi.

Najua utacheka kuona barua na hali simu ninayo. Lakini nakujua, mwenzangu. Ningekutumia ujumbe ungenikatiza kwenye mstari wa pili, na haya hayataki kukatizwa. Kwa hiyo nimempa mtu anayekuja huko Kilwa akuletee mkononi. Kaa chini, nyoosha miguu, usome taratibu.

Dukani ni vile vile. Asubuhi natoa kopi za vyeti, nachapa barua za watu na kuchajisha simu zao, mchana wateja wakipungua naingia kwenye katuni yetu. Usidhani niliitupa ulipoondoka. Sauti yako tuliyoirekodi ndani ya kabati la nguo la mama, ili majogoo wasisikike, ninayo yote, na uliniambia mwenyewe niitumie nipendavyo. Basi Kibibi wetu amekamilika. Yule tuliyeanza naye kama mpira mtupu kwenye kompyuta, tukamvuta pua na mashavu, sasa ana mikono, ana ushungi, ana mifupa ndani ya kumchezesha, na ana ndoo yake ya kwendea pwani kutafuta pweza maji yakitoka. Aliyenitoa jasho ni huyo pweza. Mikono minane, kila mmoja una mifupa yake, nikiuvuta huu ule unapenya ndani ya jiwe. Nimemtukana sana, Mungu anisamehe.

Kazi iliyobaki ilikuwa mdomo. Inabidi nisikilize neno lako pole pole, nimpanue Kibibi mdomo kwenye a, nimviringishe midomo kwenye o, nimfumbe kwenye m na b, kisha nirudishe nyuma nitazame kama vinakwenda pamoja. Kwa hiyo wiki nzima sauti yako ndiyo iliyokuwa ikilia dukani. Siku moja baada ya alasiri nimekaa narudiarudia pale Kibibi anapomwambia pweza, "Nirudishie ndoo yangu, nitakusemea kwa baba." Mara nahisi mlango umeingia giza. Nainua macho, baba yako huyo, kasimama na chaja mkononi.

Fauzia, nilitaka kuingia chini ya meza. Wewe unajua kiapo chake kuliko mimi. Tangu ami yako Hemedi asimame mahali pake kukuozesha kwa mvuvi wa dago, wa kuhama kambi hadi kambi, asiye na mnazi hata mmoja, na yeye akaapa kwa jina la Mungu mbele ya watu wote barazani kwamba jina lako halitatoka kinywani mwake wala mguu wako hautavuka kizingiti chake, hakuna aliyekutaja mbele yake. Hata shangazi yako Mwanamkuu, anayempikia, akikukumbuka hulilia jikoni na kusingizia moshi.

Nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku akitazama kioo cha kompyuta. Nilimngoja anitukane. Badala yake akanisomea hotuba, kwamba wenye kufanya picha za viumbe wataambiwa kesho akhera wazitie roho, na mimi nitaitia nini hiyo. Kisha akaketi kwenye benchi la wateja na kuniambia nirudishe pale pa ndoo. Nikarudisha. Akaniambia tena. Wallahi sikumbuki tulirudia mara ngapi. Alipoondoka aliisahau chaja.

Kesho yake kaja na simu kuchajisha. Naichomeka, naona imejaa. Nikaiacha kwenye waya kwa heshima yake. Akakaa, akatazama, halafu akaanza kunikosoa, yeye wa hotuba ya jana. Kasema mdomo wa mtoto umechelewa. Kasema mtoto huyu nimemkosea, kwa sababu hasemi kwanza akacheka baadaye. Pua hucheka kwanza, ndipo maneno yatoke. Na pale anapomdanganya pweza nimemwinamisha kichwa, nalo si kweli, mtoto huyu akisema uongo hukukazia macho. Nilibadilisha pale pale naye akiwa ananitazama. Fauzia, ulitokea wewe. Nilimpa macho ya kukaza, nikamkunja pua kidogo kabla ya neno, na ukawa wewe hasa, mpaka nikaona haya kumtazama mzee usoni.

Tangu hapo akawa mteja wa kila siku. Jina lako hakulitaja, amri ni amri. Alikuita "mtoto wako wa kwenye kioo". Siku moja aliniuliza kama mtoto wa kwenye kioo anakula vizuri huko aliko. Mimi kwa upumbavu wangu nikamjibu kwamba katuni hali, mzee wangu. Akaniangalia vile anavyomwangalia mtu aliyekwea mnazi wake bila ruhusa. Ndipo nikafahamu. Nikamwambia anakula, nasikia amenenepa. Akasema vizuri, akaomba simu yake.

Basi ndiyo ikawa njia yetu. Akiuliza kama mtoto ana nyumba ya kukaa, namwambia ana vyumba viwili na bati jipya. Siku nyingine akaniuliza habari za pweza. Alitaka kujua kama anasali. Nikasema anasali, mzee, na hanywi, na akipata samaki mzuri hamuuzi mpaka mtoto ashibe. Akasema kwamba pweza hana mfupa, nyumba yake ni shimo, hajui mtu atamtegemea kwa lipi. Nikamjibu kwamba huyu nimemtia mifupa mwenyewe. Alicheka, Fauzia. Alijikaza, lakini alicheka. Mwambie Matano asikasirike.

Sasa nafika mahali ambapo huenda utanikasirikia wewe. Uliponiambia mimba imeingia mwezi wa saba ulinikataza nisimwambie mtu hapa. Na ulinieleza kwamba uchungu huuogopi, unachoogopa ni kuzaa mtoto wako wa kwanza ugenini, mikononi mwa wakwe, watu wakisema huyu hana kwao. Maneno hayo yaliniuma kama mwiba. Nani kwetu aliyezaa mtoto wa kwanza asirudi kwao? Nilikaa nayo, nikashindwa. Jumatano iliyopita baba yako alipokuja kuuliza habari za mtoto wa kwenye kioo, nilimwambia kwamba ana mimba, miezi saba, na hana pa kwenda kujifungulia. Nimevunja siri yako. Nisamehe, na ukikataa kunisamehe pia nitakuelewa.

Akageukia kioo cha kompyuta. Nami kwa kukosa la kufanya nikaiwasha filamu, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa imekwisha, mwanzo hadi mwisho. Kibibi alifika kwenye tundu la pweza, akainama, akamwita, akakunja pua. Na baba yako, naye ameegemea mbele, akatamka, "Fauzia." Tena kwa sauti, kama anakuita uje umletee maji ya kutawadhia. Kisha akajishika mdomo. Akasimama, akatoka bila kuaga, na simu akaiacha.

Alhamisi hakuja. Ijumaa sikumwona. Niliamini nimeharibu kila kitu, kwamba amejiona amevunja kiapo kwa ajili ya vikaragosi vyangu, na sasa atafunga mlango mara mbili. Nilijilaumu sana. Nilikuwa nimefika mahali pa kutaka kuifuta filamu yote.

Jana asubuhi shangazi yako Mwanamkuu akaniita nikamsaidie kupika. Namkuta na sufuria kubwa, na hakuna harusi wala hitima. Alikuwa amenuna, maana alitaka kupika pilau na kaka yake amekataa. Amesema upikwe wali na mchuzi wa samaki, kama wanavyokula wao siku zote, pasizidi wala pasipungue. Na ndugu asipewe hata mmoja, wala jirani mwenye uwezo. Nikaanza kubeba sahani. Ya Bi Somoe mjane, ya yule kipofu wa karibu na msikiti, ya wale wazee wawili wa shamba la chini. Nilipokuja kuchukua ya mwisho nikamuuliza shangazi ni ngapi kwa jumla. Akasema kumi, na kaka yake alizihesabu mwenyewe mara mbili.

Nilisimama na ile sahani mkononi, mchuzi ukanimwagikia kwenye buibui. Wewe na mimi tulikaa mkeka mmoja kwa Mwalimu Ukasha, na fimbo yake tuliila pamoja kwa hilo hilo somo. Masikini kumi, kwa chakula cha wastani unachowalisha watu wa nyumbani kwako. Kafara ya kiapo. Baba yako alikuwa hajanikasirikia. Alikuwa anakilipia kiapo chake ili kimtoke shingoni. Nilimweleza shangazi, naye safari hii alilia nje uani, watu wanamwona, na hakusingizia moshi.

Leo kabla ya adhuhuri baba yako amekuja dukani mikono mitupu. Hakutazama kompyuta. Ameniambia nikuandikie, yeye mwandiko wake umeharibika, na akawa anakutaja kila baada ya maneno mawili, Fauzia hivi, Fauzia vile, kama mtu aliyefunga kutwa akapata tende. Matano akulete mwenyewe, maana ana maneno naye ya kiume, ila hatampiga. Mkunga baba yako ameshazungumza naye. Usije na boti ndogo kwa hali hiyo. Nikamuuliza kama hayo ndiyo yote. Akafika mlangoni, akarudi, akasema bado moja, na niliandike kama alivyolisema: ukifika usipige hodi, hodi wanapiga wageni.

Msalimie Matano, na umwambie afunge mizigo. Mama na shangazi wanakubusu.

Mwenzio anayekungoja,
Ibtisam