Haukuwa Mwiba

Baba Maganga,

Au nikuite Baba Masanja, maana mwanao kabadilishwa jina na mimi sikuulizwa.

Nyasi hazijaota vizuri kaburini kwako na tayari nimechoshwa na ndugu zako. Ule weupe ndani ya jicho la mtoto, ambao wewe uliucheka ukasema ana jicho la paka, uliongezeka. Jicho likaanza kwenda upande. Nikasema twende hospitali ya Kitete. Mama yako na shangazi zako wakasema mtoto analilia jina, babu Maganga hataki kurithiwa. Mtama wangu wote ukapikwa pombe. Watu wakaacha shamba la ujamaa wakaja kunywa, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Jina likabadilika, jicho likabaki vilevile.

Nikambeba mgongoni nikaenda. Daktari akammulika, akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyepoteza jicho utotoni. Nikasema baba yake, ila yeye alichomwa na mwiba akichunga ng'ombe. Ndivyo mshenga wenu alivyowajibu wazazi wangu walipouliza habari za magonjwa. Daktari akauliza ulikufa kwa nini. Nikamwambia uvimbe wa mfupa wa mguu. Akaeleza kuwa hii ni saratani, na kasoro yake, iletayo hata uvimbe wa mfupa ukubwani, huweza kukaa katika mbegu ya mzazi ikapita kwa mtoto. Jicho litolewe upesi, kabla haijafika ubongoni.

Mama yako akakataa. Nikamuuliza, huo mwiba aliuona kwa macho yake? Akakaa chini.

"Haukuwa mwiba, mwanangu. Jicho lake lilikuwa na weupe kama huu, daktari wa misheni ndiye aliyelitoa. Tungesema, nani angemwoza binti?"

Nawe ulijua? Siku ile ukicheka jicho la paka, ulijua? Nakupenda na nimekukasirikia, vyote pamoja. Ningekubali kuolewa nawe na jicho lako moja na ukweli wake, na mtoto tungemuwahi mapema.

Jicho limetolewa. Anajigonga mlangoni, anacheka. Daktari anasema huenda saratani haijaenda mbali.

Pumzika, mume wangu. Huyu aliye tumboni hukumjua. Nakuahidi, siku atakapozaliwa, kabla sijauliza kama ni wa kike au wa kiume, nitampeleka kwenye mwanga nimtazame macho.

Mama Maganga