Bafta Uliyoniagiza

Mama yangu, shikamoo,

Leo ni siku ya nne tangu tukuzike, na bado sijaamini nilichokikuta ndani ya sanduku lako. Au niseme nilichokikosa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukigombana. Kila nilipokuja Malindi kutoka Mombasa ulikuwa na agizo moja tu: "Mwanangu, bafta usisahau." Bafta nyeupe, ya sanda! Mama za wenzangu huagiza viatu na manukato, wangu ananituma nguo ya kuzikiwa. Nilileta, mwaka nenda mwaka rudi, huku nimenuna. Najua wazee hujiwekea sanda mapema, lakini wewe nilikuona umezidi, unakibishia kifo hodi.

Idi iliyopita nikagoma. Nikaja na godoro jipya, lile nene. Ukalikalia, ukalibonyeza, ukacheka. "Zuri, Mungu akuweke. Na bafta?" Nami, mdomo wangu unaujua, nikafoka: "Nakuletea godoro ulalie, wewe waniuliza sanda!" Ukanipikia mahamri kama kwamba hapakuwa na lolote. Hukuniagiza tena.

Halafu Jumanne, Bi Tima, shoga yako wa miaka yote, akanipigia simu. Nilipofika, wanawake walikuwa wanangoja sanda waanze kukuosha. Nikawaambia, jamani, sanda si taabu, mama anazo za kutosha mtaa mzima. Nikafungua sanduku. Udi, pamba, karafuu maiti, mkasi wako. Bafta hakuna. Nikatoa kila kitu, nikapapasa mpaka chini. Hata kipande cha kufungia kidole hakikuwemo. Nikapiga kelele: "Nani amemwibia mama yangu?"

Wote wakainama. Bi Tima akanishika mkono. "Hakuibiwa, mwanangu. Alikuwa akisitiri watu."

Mgeni aliyefia mtaani bila jamaa. Bibi mmoja kule Ngomeni. Vichanga ambao mama zao hawakuwa na kitu. Ulikata kwa mkasi huu, ukapeleka kabla hujaombwa, ukawakataza wote wasiseme, maiti wa watu asije akasimangwa kuwa kazikwa kwa nguo ya kuombwa. Nilijua nilikuwa na kaka aliyekufa mchanga. Sikujua, mama, kwamba baba alikuwa safarini, huna hata senti, ukamzika kaka kwa leso yako ya kushindia. Bi Tima alipolisema hilo nilikaa sakafuni.

"Ya mwisho ilitoka mwezi uliopita," akaniambia. "Nikamwambia, basi bakisha yako. Akasema, binti yangu ataleta, akipoa hasira."

Nilikuwa nimeshapoa zamani, mama. Nilikuwa nangoja uniagize.

Hapo akaingia Mejumaa, jirani yako, na kitu cheupe chini ya buibui. Mwanawe ulimsitiri wewe. "Mara mbili nimemrudishia akakataa," akasema, machozi yanamtoka. "Leo hatakataa."

Ndiyo uliyovaa.

Usilolijua ni usiku wa kiza. Nilikupimia haja zako kwa kibaba changu: uzee, mgongo, godoro. Kumbe miaka yote haja yako ilikaa pale ulipokaa moyo wako, kwa yule mtoto wa leso, na ndiyo iliyokuwa ikikuinua kitandani hata magoti yanapokataa. Mimi nikaiita ukaidi. Naona haya, na mshtuko haujanitoka.

Asubuhi hii nimekwenda dukani, nikaomba jora zima la bafta. Muuzaji, aliyekuwa mazikoni kwako, alishtuka. "Subhanallah! Kafa nani tena?"

"Hakuna," nikamwambia.

Akanitazama vile vile nilivyokuwa nikikutazama wewe.

Jora nimelitia sandukuni, na mkasi juu yake. Mola akusitiri kama ulivyositiri waja wake.

Ni mimi binti yako,
niliyechelewa kuleta.